Vitufe vya kompyuta visanifiwe kwa Kiswahili, visitafsiriwe tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo linalogusa shule, ofisi za kata na maduka ya steshenari ambako kompyuta za miaka mingi bado zinafanya kazi. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai kompyuta iwe na TPM 2.0, yaani kijenzi cha usalama, na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Laptopu nyingi za mtumba hazifiki hapo. Ndiyo maana mafundi wengi sasa wanaweka Linux Mint, Ubuntu au Xubuntu, mifumo endeshi huria ya Linux isiyodaiwa leseni, na mashine yenye memori ya GB 4 inaendelea kutumika.

Baada ya siku mbili malalamiko yanaanza: "Hii Linux ngumu." Kwa kadiri ninavyoijua kazi hii, kinachowashinda watu mara nyingi si mfumo wenyewe, ni kiolesura chake, yaani vitufe, menyu, madirisha na ujumbe anaouona mtumiaji. Na aliyechagua Kiswahili kwenye mipangilio hupata shida mara mbili, kwa sababu kiolesura kilisanifiwa kwa lugha nyingine, kisha maneno yetu yakabandikwa juu yake mwishoni. Kiswahili kina tabia zake, na tabia hizo zisipofikiriwa tangu kitufe kinachorwa, mtumiaji atapoteza kazi yake.

Tuanze na maneno mawili ambayo kila programu inayo: Fungua na Funga. Ni matendo yanayopingana kabisa, lakini maneno yake yanatofautiana kwa herufi moja tu, ile "u" iliyopachikwa karibu na mwisho. Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Ndiyo kauli ya kutendua katika sarufi yetu. Bandika na bandua, kunja na kunjua, ziba na zibua, zote zinafuata mkondo huo. Msomaji mwenye haraka hasomi herufi moja moja, anatambua umbo la neno na mwanzo wake. Menyu ikiweka Fungua, Funga na Futa mstari juu ya mstari, macho yanaona "Fu" tatu. Dawa yake haihitaji kubuni msamiati mpya. Fungua ikae juu kabisa ya menyu ikiwa na aikoni yake, Funga iende chini baada ya mstari wa kutenga, na Futa iwekwe kundi jingine. Njia za mkato za kibodi, Ctrl+O na Ctrl+W, zibaki kama zilivyo duniani kote, maana mtu aliyezizoea kwingine asianze upya.

Kitenzi hichohicho Funga kinabeba pia maana ya kufunga kwa ufunguo. Nimeona tafsiri ambamo kitufe cha kufunga dirisha na kile cha kufunga skrini kwa nenosiri vyote vimeandikwa "Funga". Aliyetaka kuondoa dirisha anajikuta anaulizwa nenosiri. Hapa neno moja halitoshi. Andika "Funga dirisha" na "Funga skrini", hata kama kitufe kitakuwa kirefu.

Kuhusu herufi zinazopigiwa mstari chini, zinazobonyezwa pamoja na Alt kufungua menyu, baadhi ya watafsiri huandika vitenzi kwa ku- ya mwanzo: Kufungua, Kuhifadhi, Kuchapisha, Kunakili. Menyu nzima inaanza na K. Katika programu zinazotumia GTK, maktaba ya kuchora vitufe na menyu, vitu viwili vikipewa herufi moja ndani ya menyu moja, kuibonyeza hakutendi lolote ila kunaruka kutoka kimoja kwenda kingine mpaka ubonyeze Enter. Asiyejua hilo anadhani kibodi imeharibika. Tumia amri tupu: Hifadhi, Chapisha, Nakili. Hata hivyo migongano itabaki. Kwenye mstari wa juu utakuwa na Faili, Hariri, Mwonekano, Zana, Dirisha na Msaada, na M zimekuwa mbili. Msaada apewe S, basi, tatizo limekwisha.

Sasa nifike kwenye kasoro ambayo naiona nzito kuliko zote, na ambayo wasanifu wa nje hawawezi kuigundua wenyewe. Ni swali la kukanusha. Dirisha linajitokeza: "Hutaki kuhifadhi mabadiliko?" Chini yake kuna Ndiyo na Hapana. Msemaji wa Kiswahili asiyetaka kuhifadhi anajibu "Ndiyo", maana yake ndivyo, sitaki. Anayetaka kuhifadhi anajibu "Hapana, nataka." Programu iliyoandikwa kwa mantiki ya Kiingereza inachukua "Ndiyo" kuwa hifadhi na "Hapana" kuwa tupa. Mtu amejibu kwa usahihi kamili wa lugha yake na barua aliyoichapa saa nzima imepotea.

Mwongozo wa kiolesura wa GNOME (eneokazi la Linux, yaani madirisha na menyu za skrini nzima), ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002, ulikwisha kushauri vitufe vya madirisha ya maswali viandikwe kwa vitenzi badala ya ndiyo na hapana. Kwa Wazungu huo ni ushauri wa kurahisisha kusoma. Kwetu ni lazima. Andika ujumbe hivi: "Barua hii ina mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa." Kisha vitufe vitatu: "Tupa mabadiliko", "Rudi kwenye barua", "Hifadhi". Usiandike "Usihifadhi" karibu na "Hifadhi", kwa kuwa neno moja limo ndani ya jingine na jicho litalikamata lile la ndani. Kitufe cha kutupa kitengwe na vingine. Mwongozo huo ulipima nafasi kwa mafungu ya pikseli 6, yaani 6 kati ya vinavyokwenda pamoja, 12 hadi ukingo wa dirisha, 18 kati ya kundi na kundi. Basi kitufe cha hatari kipewe 18 kamili na kiwe upande wa pili wa dirisha. Rangi nyekundu inasaidia, lakini isitegemewe peke yake, kwani wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Ngeli nazo ni mtihani. Mwandishi wa programu anaandika neno moja lenye maana ya "mpya" na kulitumia kila mahali, akidhani ni kivumishi kisichobadilika. Kwetu ni faili jipya, picha mpya, kitabu kipya, ujumbe mpya, makabrasha mapya. Neno likitafsiriwa mara moja tu, litakuwa sahihi mahali pamoja na kosa kwingine kote. Vivyo hivyo "imefutwa", "limefutwa", "kimefutwa", "zimefutwa". Mfumo wa gettext, ambao programu huria nyingi zinautumia kwa tafsiri, una njia ya kutenganisha: mwandishi wa programu anaongeza mstari wa msgctxt unaoeleza neno linatumika wapi, na mtafsiri anapata nafasi tofauti kwa kila matumizi. Tatizo ni kwamba mwandishi haongezi mstari huo mpaka aombwe. Kwa hiyo mtafsiri asinyamaze. Aandike ombi kwenye orodha ya kasoro za programu, ataje faili na mstari, na aeleze kwa mifano miwili ya ngeli. Ukiweka mfano, wanaelewa upesi.

Pale ambapo programu haijui kitu kilichochaguliwa ni picha, faili au kabrasha, neno "kitu" linaokoa. "Kitu 1 kimechaguliwa", "Vitu 3 vimechaguliwa" ni sahihi kwa vyote, kwa sababu upatanisho unashikamana na nomino iliyomo ndani ya sentensi yenyewe. Kichwa cha faili la tafsiri ya Kiswahili hutaja hali mbili za idadi, moja na zaidi ya moja. Sifuri huangukia kwenye wingi na kutoa "Vitu 0 vimechaguliwa", sentensi ambayo hakuna mtu huitamka. Bora mwandishi aandae ujumbe wa pekee: "Hakuna kilichochaguliwa." Na asiunganishe vipande vya sentensi. Sentensi ikikatwa vipande vitatu ndani ya programu, mpangilio wa maneno unabaki wa Kiingereza hata maneno yawe yetu, kwa kuwa kwao mwenye mali hutangulia na kwetu mali ndiyo hutangulia. Sentensi nzima ikiwa na alama kama %1$s na %2$s, zinazoshika nafasi ya maneno yatakayojazwa na programu, mtafsiri anaweza kuzibadilishana nafasi.

Urefu wa maneno. Maneno mafupi ndiyo yanayovimba zaidi yakitafsiriwa. Amri ya kunyamazisha sauti, ambayo kwa Kiingereza ni herufi 4, kwetu ni "Zima sauti", herufi 9 na nafasi. Msanifu aliyepima kitufe kwa pikseli, mara nyingi kwa skrini kubwa kuliko ya laptopu ya 1366 kwa 768, ataona maandishi yakikatwa na kubaki "Zima…". Kitufe cha sauti kimegeuka tishio la kuzima kompyuta! Upana wa kitufe usiandikwe kwa namba; uachwe ufuate maandishi, na kwa lebo fupi mchoro wa mwanzo uwe na nafasi mara mbili ya neno la Kiingereza. Ikiwa kukata hakuepukiki, mtafsiri ageuze neno: "Nyamazisha" likikatwa bado linasomeka "Nyamaz…", wala halimtishi mtu.

Siku za wiki hupita haraka, lakini zinachekesha kalenda. Programu ikikata majina kwa herufi tatu za mwanzo inapata "Jum" mara tano. Lugha yenyewe inazihesabu siku tangu Jumamosi, kwa hiyo J1 kwa Jumamosi, J2 kwa Jumapili, J3, J4, J5, kisha Alh na Ij, zinatosha na zinaeleweka. Saa ni hatari zaidi. Ujumbe usemao "Kompyuta itajizima saa 3" unaweza kusomwa kuwa 03:00, 09:00, 15:00 au 21:00, kutegemea msomaji anahesabu kwa jua au kwa mshale. Andika "baada ya dakika 60", au saa 24 zenye nukta mbili, na usiweke neno "asubuhi" kando ya 3:00 ya usiku wa manane. Tena kuna kialama cha ng': ng'ombe iliyochapwa kwa kialama kilichonyooka na ile iliyopindwa na LibreOffice, programu huria ya ofisi, ni maneno mawili tofauti kwa injini ya kutafuta. Anayesanifu kisanduku cha kutafuta avihesabu vialama hivyo kuwa kimoja.

Nirudi kwenye flashi, maana huko ndiko data nyingi zinapotea katika steshenari. Mteja ananakili video, mstari wa maendeleo unafika mwisho, anachomoa, na nyumbani faili halifunguki. Sababu ni kwamba Linux huandika kwanza kwenye memori, kisha huhamishia kwenye flashi polepole. Kwa kawaida keneli, yaani kiini cha mfumo, inaruhusu data ambayo haijaandikwa ifike hadi asilimia 20 ya memori inayopatikana. Data ya MB 500 ikiwa bado memorini, na flashi inaandika MB 5 kwa sekunde, zinahitajika sekunde 100 baada ya skrini kutangaza kwamba kazi imekwisha. Hiyo ni kasoro ya kiolesura: mstari unapima kisichomhusu mtumiaji. Fundi anaweza kupunguza hatari leo kwa kuweka faili dogo ndani ya /etc/sysctl.d lenye mistari miwili, vm.dirty_background_bytes=16000000 na vm.dirty_bytes=48000000, ili mstari uende sambamba na uandishi wenyewe. Nakala kubwa zitaonekana polepole kidogo, lakini zitakuwa za kweli. Kuhusu kitufe chenyewe, tafsiri nyingi zinasema "Ondoa", neno linalotumika pia kwa kufuta programu na kuondoa kitu kwenye orodha, na watu wanaogopa kulibonyeza wakidhani mafaili yatafutika. Mtaani tunasema "chomoa". Kitufe kiandikwe "Chomoa salama", na kompyuta ijibu "Sasa unaweza kuchomoa" pale tu uandishi unapokwisha.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mapambo, kompyuta ni kompyuta. Historia ya programu huria inaonyesha vingine. Mwaka 2001 kampuni ya Sun Microsystems iliwakalisha watumiaji mbele ya GNOME na kuwatazama wakihangaika. Matokeo yalisaidia kuzaa mwongozo nilioutaja na GNOME 2 iliyopunguza mipangilio mingi. Aprili 2011 GNOME 3 ilipobadilisha mpangilio wa eneokazi, ikaondoa kitufe cha kushusha dirisha na orodha ya madirisha ya chini, watumiaji wengi walikataa. MATE ikazaliwa kuendeleza eneokazi la zamani, na Linux Mint ikaunda Cinnamon. Canonical, kampuni iliyo nyuma ya Ubuntu, nayo ilitumia eneokazi la Unity kwenye Ubuntu tangu toleo la 11.04, ikatangaza kuiacha mwaka 2017, na toleo la 17.10 likarudi GNOME. Hukumu yangu ni kwamba, kwa maabara ya shule inayotoka Windows 10, Cinnamon au Xfce, eneokazi la Xubuntu, inafaa kuliko GNOME, kwa kuwa orodha ya madirisha inabaki pale mkono ulipoizoea. GNOME ni safi na imefikiriwa vizuri, lakini inadai siku kadhaa za kujifunza upya, na mwalimu mwenye wanafunzi 40 hana siku hizo.

Kupima hakuhitaji fedha. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, alieleza mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya kasoro za kiolesura. Chukua watu 5 wasiojua Linux, wape kazi 6 kwa maneno yao ya kila siku: unga Wi-Fi, nakili picha kutoka kwenye flashi, ichomoe, chapisha kurasa 2 hadi 4, rudisha faili lililofutwa, zima kompyuta. Usitumie maneno yaliyo kwenye vitufe unapowapa kazi, la sivyo watatafuta neno badala ya kufikiri. Kaa kimya. Andika mkono ulikwenda wapi kwanza, si walichosema baadaye, kwa sababu watu wetu wana adabu na watakuambia "ni nzuri tu". Kazi ikiwashinda watu 2 kati ya 5, kasoro ni ya kiolesura. Kama programu bado haijaandikwa, chora kila dirisha kwenye karatasi ya A4 na mtumiaji abonyeze kwa kidole. Wewe unabadilisha karatasi. Kufuta kwa raba ni rahisi kuliko kufuta mistari 300 ya msimbo.

Ukumbi wa kurekebisha upo wazi. Maneno ya Linux Mint na ya Ubuntu yanatafsiriwa kupitia tovuti ya Launchpad, ya GNOME kupitia tovuti yake iitwayo Damned Lies, ya LibreOffice kupitia tovuti ya Weblate. Unapakua faili la tafsiri la .po, unalifungua kwa programu ya Poedit, unaandika. Anza na maneno yanayoonekana kila siku: skrini ya kuingia, kidhibiti mafaili, mipangilio ya mtandao, kuchapisha. Dirisha lililotafsiriwa nusu ni baya kuliko lisilotafsiriwa, kwa sababu ujumbe usio na tafsiri hujitokeza kwa Kiingereza katikati ya Kiswahili. Mistari yenye alama ya fuzzy, yaani tafsiri ambayo haijathibitishwa, pia haionyeshwi mpaka uithibitishe, na wengi hukata tamaa wakidhani kazi yao imetupwa. Kagua makosa kwa amri ya msgfmt -c, kisha endesha programu kwa LANGUAGE=sw uone kwa macho yako. Amri hiyo haisikilizwi ikiwa LANG imewekwa C, kwa hiyo hakikisha kwanza lokali (mipangilio ya lugha na nchi) ya sw_TZ.UTF-8 au sw_KE.UTF-8 imewekwa kwenye mfumo. Hakuna chombo kitakachokuonyesha kwamba "Zima sauti" imekatwa. Hilo linahitaji mtu mbele ya skrini ndogo.

Hatuanzi sifuri. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na ulionyesha kwamba programu nzima ya ofisi inaweza kusema Kiswahili. Kilichopungua tangu hapo ni watu wa kuendelea kusoma, kupima na kubishania neno, hasa kati ya Dar es Salaam na Nairobi, ambako mmoja anasema kompyuta na mwenzake tarakilishi.

Hapo ndipo nakuomba wewe, Mhariri. Wahariri wa vichwa vya habari wanaijua kazi hii kuliko wahandisi: kusema jambo zima kwa maneno matatu, ndani ya nafasi iliyopimwa, bila kumpotosha anayepita kwa haraka. Tenga robo ya ukurasa mara moja kwa wiki, uchapishe lebo 10 za programu huria pamoja na maelezo ya kila kitufe kinafanya nini, na wasomaji walete maneno yao. Kwa wiki ya kwanza napendekeza zile zinazoumiza zaidi: kufunga dirisha, kufunga skrini, kutupa mabadiliko, kurudisha kilichofutwa, kuchomoa flashi, kunyamazisha sauti, kuanzisha upya, kulaza kompyuta, kughairi kazi ya printa, na kusahau mtandao wa Wi-Fi. Majibu nitayapeleka mwenyewe kwenye kurasa za tafsiri za miradi hiyo.

Mtafsiri wa programu huria,
Dar es Salaam